Chachu ya Ndulilo

Ng'ombe wa Bi Atuganile Mwaisaka aliitwa Malaika, na katika kijiji kizima cha Ndulilo hapakuwa na mnyama ambaye jina hilo lilimkaa vibaya kuliko yeye. Alikwisha kumvunja mtu kidole, akamtupa mwingine kwenye tope, na asubuhi ile Kapteni Ndahani Chiwanga alipochuchumaa kumshika kiwele, alimcharaza mkia wa uso, mkia uliobeba kila kitu ambacho mkia wa ng'ombe hubeba wakati wa masika.

"Pole, Afande," alisema Bi Atuganile. Alikuwa amemkaba ng'ombe wake pembe kwa mikono miwili. "Huyu hapendi wanaume."

"Hapendi mtu, mama. Nimeulizia kwa majirani."

Bi Atuganile akacheka, na Ndahani akajifuta uso kwa mkono wa sare huku naye akicheka. Alikuwa na furaha, kama alivyokuwa na furaha karibu asubuhi zote tangu kikosi chao kipandishwe huku juu. Kwao Ugogo nchi ni kavu na ng'ombe hutembea kutwa kufuata maji. Huku ukungu ulilala mabondeni mpaka jua lipande, majani yalikuwa mabichi mwaka mzima, na ng'ombe walinenepa wakiwa wamesimama palepale. Vita alivyoviona tambarare, miji iliyoungua na madaraja yaliyolala mtoni, vilionekana kama habari za watu wengine. Lakini mpaka wenyewe haukuwa mbali. Mto Lukwale ulipita chini tu ya mashamba ya viazi, na ng'ambo yake ndiko alikokuwa adui.

"Piga magoti," aliamuru, na punda wa chuma, mashine ya jeshi ya kubebea vifaa, aliyesimama kando ya josho akakunja miguu yake minne. Tumbo lake likafunguka, hewa ya baridi ikatoka kama pumzi ya mtu wakati wa kipupwe. Ndani ilipangwa mirija myembamba, kila mmoja na ncha laini ya kuingia kwenye chuchu. Ndahani alichukua mmoja, akauinua kwenye mwanga. Dawa nyeupe ilikaa chini, na juu yake ukaelea utando wa rangi ya maziwa ya mgando.

Dawa nyeupe ilikuwa ya ugonjwa wa kiwele, na hiyo kila mtu Ndulilo aliijua. Ng'ombe waliokuwa wakitoa usaha na damu sasa walitoa maziwa safi, na ndoo zilijaa kuliko kabla ya vita. Utando wa juu ulijulikana na watu wawili tu katika kijiji kile, naye Ndahani alikuwa mmoja wao. Aliusukuma taratibu mpaka ukaisha, akamkanda Malaika kiwele, akamwachia.

"Wanajeshi wengine walipita hapa wakachukua ng'ombe," alisema Bi Atuganile akimfungulia mnyama wake. Alikuwa mjane wa makamo, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, mwenye sauti iliyozoea kusikika hadi mlima wa pili. "Nyie mmekuja kuwatibu. Watu wanauliza tuwape nini."

"Hatudai kitu, mama."

"Najua hamdai. Ndiyo maana kesho utakula kwangu."

Alimshukuru, lakini alipokuwa akishuka na punda wake wa chuma kuelekea shuleni, ile furaha ilikuwa imeingia mchanga.

*

Shule ya Ndulilo ilikuwa imegeuzwa zahanati. Darasani, chini ya ubao ambao bado ulikuwa na hesabu za kugawanya, Sajenti Mwanaidi Kombo alikuwa akimsikiliza mwanamke mmoja kifua. Sajenti alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Pemba, na baridi ya milimani ilikuwa imemfanya avae masweta mawili chini ya koti la jeshi. Mgonjwa alikuwa amepanda kutoka kambi ya wakimbizi ya Bondeni kuja kwa ndugu zake. Alipumua kwa vipande vipande, mkono ukiwa umebana ubavu.

Mwanaidi alimwekea barakoa ya oksijeni, akamfunika blanketi, kisha akatoka nje na kumvuta Ndahani mpaka kwenye kona ya jengo.

"Kabari," alisema.

Ndivyo wenyeji walivyoiita homa ile, kwa sababu aliyeugua alisema anahisi kabari inapigiliwa kati ya mbavu zake. Ilikuwa imezaliwa kambini, kwenye msongamano na maji machafu, na ikawa inafuata barabara zilezile walizofuata wakimbizi.

"Una hakika?"

"Mie nimeuguza kabari Bondeni tangu mvua za vuli. Nikiisikia kifuani siulizi mara mbili." Alivua glavu. "Sasa imefika. Ng'ombe wangapi hujawatia chachu?"

"Wamebaki wachache. Wa kitongoji cha juu."

"Basi wamalize leo."

Chachu ndilo jina walilopewa na maabara ya jeshi. Ilikuwa kinga iliyo hai, kijidudu kisicho na madhara kilichofundishwa kuvaa ganda linalofanana na ganda la kabari. Kiliwekwa ndani ya kiwele, kikakaa humo bila kumsumbua ng'ombe, na maziwa yalipotoka yalitoka na lile ganda. Anayekunywa kila siku, mwili wake ulijifunza taratibu kumtambua adui kabla hajafika. Moto wa jikoni haukuliharibu ganda hilo. Na kwenye mtindi chachu yenyewe iliendelea kuishi, hivi kwamba kijiko kimoja cha mtindi wa Ndulilo, kikitiwa kwenye maziwa ya nyumba nyingine, kiliigeuza nyumba hiyo nayo kuwa na kinga. Haikuhitaji jokofu, wala daktari, wala sindano.

Sindano ndiyo iliyoleta yote haya. Milimani humo hakuna mtu aliyekubali kuchomwa. Makao makuu yalijua hivyo, na ndiyo maana amri ya Meja Rwegasira ilikuwa fupi: tibuni ng'ombe, tieni chachu, msiseme neno.

"Nataka kuwaambia," alisema Ndahani.

Mwanaidi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Waambie nini?"

"Wanachokunywa."

"Afande, n'kwambie kitu. Bondeni nilikuwa na hema la watoto. Asubuhi nikiingia, la kwanza nilikuwa natazama ni blanketi lipi halipandi wala halishuki. Wale watoto mama zao walikataa sindano, na mie siwalaumu, maana walikuwa na sababu. Lakini waliowazika ni wao, si waliowapa hiyo sababu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hapa watu wanakunywa maziwa yao, wanacheka, wanapona ugonjwa ambao hawajaugua. Weye wataka kuwapa khofu wanywe na khofu."

"Wananiamini, Sajenti. Wananiachia niwashike ng'ombe wao kwa sababu wananiamini."

"Basi itumie hiyo imani iwaponye."

Ndahani aligeuka kumchukua punda wake. Aliona kwamba kama angekuwa yeye aliyeingia kwenye lile hema kila asubuhi, angesema maneno hayohayo. Akaenda kitongoji cha juu, akafanya kazi mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi, na kila ng'ombe alimtia dawa nyeupe pamoja na utando wake. Wenye ng'ombe walimpa viazi vya kuchemsha. Alikula kwa adabu, akawashukuru.

*

Siku iliyofuata alikwenda kwa Bi Atuganile wakati jua liko kichwani. Nyumba yake ilikuwa na bati jekundu na kibaraza kilichofagiliwa. Ndani alikuta meza imesheheni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maharage, mboga za maboga, na mtungi wa mtindi katikati kama mgeni rasmi. Alikuta pia mgeni mwenzake, mwanamume mwembamba mwenye unga kwenye nyusi.

"Huyu ni shemeji yangu, Gwakisa Mwambene," alisema Bi Atuganile. "Ana mashine ya kusaga. Alikuwa hataki kusikia habari za wanajeshi. Leo kaomba mwenyewe aje."

Gwakisa alimpa mkono, akakaa, akala. Alipomaliza ndizi zake alijimiminia mtindi, akanywa, akashika bilauri kwenye goti.

"Nilikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Lusekelo. Vita vilipoanza, walikuja watu wenye makoti meupe. Mpaka leo hakuna anayejua walitumwa na upande upi, na mimi nimeacha kuuliza. Walisema wanachanja vijana pepopunda. Vijana wetu wakachanjwa. Kumbe ndani ya zile sindano mlikuwa na punje, ndogo kama ufuta, inayolia kwa sauti isiyosikika na kuiambia anga mtu yuko wapi. Vijana walikuwa wamejificha kwenye msitu wa mianzi ili wasiingizwe kwenye jeshi lolote lile. Vipanga vya chuma, zile ndege zisizo na rubani, vikaenda moja kwa moja. Havikutafuta. Vilikwenda tu. Lusekelo wangu alikuwa humo."

Bi Atuganile alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tangu hapo sikutaka kuona mtu wa dawa," aliendelea Gwakisa. "Lakini nimekutazama wewe muda wote huu. Hukumgusa mtu. Umewatibu ng'ombe, basi. Ng'ombe hana upande. Nikasema, ngoja nikamshike mkono, maana ni haki yake."

Akainua bilauri ili amalizie mtindi wake.

Ndahani alisikia kinywa chake kikisema kabla hajaamua. "Mzee wangu, subiri kwanza."

Mkono wa Gwakisa ukasimama hewani.

"Kuna kitu ndani ya huo mtindi," alisema Ndahani. "Nimekitia mimi."

Aliwaeleza yote. Alieleza kabari ilivyofika, na kwamba yule mwanamke wa Bondeni alikuwa amelala darasani wakati ule akipumua kwa mashine. Alieleza chachu ni nini na inafanya nini, na kwamba haina punje wala sauti wala jicho, na kwamba yeye mwenyewe ameinywa tangu alipofika. Alisema pia kwamba aliamriwa anyamaze, na kwamba alitii kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Alipomaliza, kuku walisikika nje wakiparura.

Gwakisa aliweka bilauri mezani polepole, kana kwamba ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Akasimama, akatoka nje, na wakamsikia akijitapisha nyuma ya nyumba.

Bi Atuganile hakumtazama Ndahani. Alikuwa akiutazama mtungi.

"Wajukuu zangu wanakunywa huu asubuhi na jioni," alisema.

"Najua, mama."

"Unajua." Aliufunika mtungi. "Kesho wakati wa kupeleka maziwa nitawakusanya watu kituoni. Utasema mwenyewe kama ulivyosema hapa. Mimi sitakusemea, na sitamzuia mtu atakayetaka kukupiga."

*

Mwanaidi alipoambiwa aligeuka akaendelea kuchemsha vifaa vyake, na Ndahani akajua kwamba ameudhika kupita kusema. Lakini asubuhi, alipokuwa akipanda kuelekea kituo cha maziwa, alisikia nyayo nyuma yake. Alikuwa Sajenti na masweta yake mawili.

"Wataniuliza maswali ya kifua cha binadamu," alisema. "Weye utawajibu nini, daktari wa ng'ombe?"

Kituo cha maziwa kilikuwa banda la saruji lenye tangi la kupozea, na siku ile watu walijaa mpaka barabarani, ndoo mikononi. Ndahani alisimama juu ya ngazi ya banda akasema. Hakupamba. Alipofika mahali pa kusema "mimi ndiye niliyewatilia", mzee mmoja alimwaga ndoo yake miguuni pake, maziwa yakatiririka juu ya buti zake mpaka mtaroni. Wengine wawili watatu wakafuata. Hakuna aliyempiga.

Kisha yakaja maswali, na yalikuja kutwa nzima. Mama mja mzito akinywa je? Mwanaidi akajibu, akaeleza waliolijaribu jambo hilo ni akina nani na waliona nini, na pale asipojua alisema hajui. Je, maziwa haya yanaweza kumwambia mtu wa angani mahali ulipo? Hayawezi. Tutajuaje? Ndahani alikiri kwamba hawana njia ya kujua ila kumwamini, na kwamba yeye ndiye aliyeiharibu njia hiyo. Je, inaweza kutolewa ndani ya ng'ombe? Inaweza. Kuna dawa nyingine, ukimtia ng'ombe kwa siku chache chachu inakufa yote.

"Na wewe umekunywa?" aliuliza mwalimu wa shule, mtu mzima aliyeitwa Kajela.

"Kila siku."

"Lakini wewe ulijua unakunywa nini," alisema Gwakisa kutoka nyuma. "Tofauti yetu ni hiyo tu."

Ndahani akasema, "Ni kweli. Ni hiyo tu, na ni kubwa."

Ndipo Bi Atuganile alipopanda ngazi. Alisema kwamba chama ni cha wafugaji na maziwa ni ya wafugaji. Anayetaka ng'ombe wake asafishwe, asafishwe. Anayetaka abaki na chachu, abaki nayo. Makopo ya maziwa yenye chachu yatapakwa rangi ya bluu shingoni, yasiyo nayo yataachwa kama yalivyo, na mtu asimcheke mwenzake kwa kopo alilochagua.

"Na wewe mwenyekiti?" mtu akauliza.

"Mimi nina wajukuu, na nimemwona yule mwanamke pale shuleni anavyopumua," alisema. "Malaika wangu atabaki alivyo. Lakini nimechagua mimi. Jana sikuwa nimechagua."

Zaidi ya nusu ya nyumba zilifuata bluu. Zilizobaki zilileta ng'ombe wao joshoni, na Ndahani akashinda hapo siku baada ya siku akiua kwa mikono yake kile alichokuwa amekipanda. Ilikuwa kazi ileile, ng'ombe walewale, mateke yaleyale. Kwa hesabu yoyote ya kijeshi alikuwa anarudi nyuma. Hata hivyo mwenyewe alishangaa alivyokuwa akipiga mluzi. Watu walimsalimia kwa ubaridi, wengine hawakumsalimia kabisa, lakini waliomsalimia walikuwa wanamsalimia yeye.

*

Meja Rwegasira alimwita kwenye redio.

"Umevunja amri, Kapteni."

"Ndiyo, Afande."

"Kuna watu watakufa kwa sababu ya ulimi wako. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Afande."

Meja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabonde mengi ya kuyalinda na madaktari wachache.

"Nimekuvua nyota moja. Ningekuondoa hapo, lakini sina daktari mwingine wa mifugo anayeweza kupanda huo mlima. Endelea na kazi, Luteni."

Kabari ilipanda kweli. Ilipita kwenye nyumba za Ndulilo kama mtoza ushuru, ikigonga kila mlango, na kwenye nyumba za kopo la bluu iligonga ikaenda zake. Kwenye nyumba nyingine iliingia. Mwanaidi alijaza madarasa mawili, akalala kwa vipande kwenye dawati, akawaokoa karibu wote kwa kuwa aliwapata mapema na kwa kuwa sasa waliugua kwenye kijiji kilichokuwa kikimjua jina. Mwalimu Kajela, aliyekuwa ameleta ng'ombe wake joshoni kusafishwa, hakuokoka. Ndahani alikuwa miongoni mwa waliombeba mpaka kaburini. Mjane wake alimwachia nafasi ya kushika jeneza bila kusema kitu, na Ndahani alikuwa hajui, wala hatajua, kama ile ilikuwa heshima au hukumu. Jina la mwalimu lilibaki naye. Hakulitupa, na hakujidai kwamba ni la mtu mwingine kulibeba.

Baada ya msiba ule, watu wa nyumba kadhaa walikwenda kwa majirani na bakuli, wakaomba kijiko kimoja cha mtindi wa bluu. Hakuna aliyewacheka. Na siku moja Ndahani alimkuta Bi Atuganile akifunga kibuyu kidogo kwa jani la mgomba, kikiwa na kizibo cha nta.

"Hicho kinakwenda wapi, mama?"

"Dada yangu ameolewa ng'ambo ya Lukwale," alisema bila kuinua macho. "Kabari imefika kwao. Nimemtumia neno nikamweleza kila kitu, kilichomo na aliyekitia. Kasema anataka. Na majirani zake wamesema wanataka."

Jioni hiyo, Ndahani alipokuwa akitoa taarifa yake redioni, hakulificha hilo. Alisema kwamba mtindi umevuka mto, na kwamba wa ng'ambo wanaunywa kwa kujua.

Meja alikohoa. "Mawasiliano yana makelele leo, Luteni," alisema. "Hilo la mwisho sikulisikia." Kisha, kabla hajakata, akauliza kama na yeye anaweza kupatiwa maelezo ya namna ile Bi Atuganile alivyopanga mambo ya makopo, kwa kuwa kulikuwa na kijiji kingine kilichokuwa kinawapa shida.

*

Gwakisa Mwambene aliugua karibu wa mwisho, na aliugua vibaya. Kwa muda Mwanaidi hakumpa mtu yeyote matumaini. Ndahani alimgeuza, alimwosha, alimshikia barakoa. Mara nyingine Gwakisa alifumbua macho, akamtambua, akayafumba tena. Kabari ilipomwachia, ilimwachia pafu moja lililosinyaa na kikohozi ambacho hakingemtoka maishani.

Siku aliyotolewa nje aote jua, walimkalisha kwenye benchi la shule na blanketi magotini. Chini yao ukungu ulikuwa ukipasuka na mashamba ya viazi yakitokeza, na ng'ambo ya mto moshi wa majiko ulipanda kutoka kwenye nyumba zilizofanana kabisa na zao. Mwanaidi alimletea bakuli la mtindi, akamwambia anywe, maana amebaki mifupa.

Gwakisa aliutazama ule mtindi.

"Wa kopo lipi?"

"La bluu," alisema Mwanaidi.

"Upo na ule mwingine," alisema Ndahani, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akisafisha buti. "Nikuletee?"

Gwakisa alifikiri. Alikuwa na pumzi chache na alizitumia kwa mpangilio.

"Ningekataa tena, Luteni," alisema. "Nataka ulijue hilo. Hata ningejua nitaugua hivi."

"Nimekuelewa."

"Si kwa ubaya."

"Nimekuelewa, mzee wangu."

Gwakisa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubaliana bei. "Kuhusu huu sasa," alisema akiinua bakuli, "kabari nimeshaiugua. Utanifanya nini tena? Ni mtindi tu." Akanywa hadi nusu, akapumzika, akakohoa, akanywa mpaka mwisho. Akafuta mdomo kwa ukingo wa blanketi.

"Mtindi wa Malaika huu," alisema. "Mkali kama mwenyewe."

Mwanaidi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Ndahani alivaa buti zake, akafunga kamba, akamwita punda wa chuma. Gwakisa alikuwa na mtamba nyumbani aliyekuwa akichechemea tangu juzi, na alikuwa amesema kwamba daktari akiwa na nafasi, apite amtazame.